Saa Tisa na Nusu

Jumamosi ya kwanza baada ya ligi kufungwa
nilirudishiwa mume
kama kitabu cha maktaba kilichopitiliza siku:
kurasa zimekunjwa pembe, kinanuka bia na moshi wa soseji,
na hakuna aliyelipa faini.

Alisimama katikati ya jiko, mikono haina la kushika,
akauliza vijiko vinakaa wapi.
Miaka thelathini na minane ya ndoa.
Hapa, Detlef. Hapa ndipo vinapokaa.

Tumeshuka daraja, hilo nisilifiche.
Mei, dakika ya themanini na tisa: kona, kichwa, basi.
Skafu niliifua mara mbili, nikaianika nje.
Bi Grabowski wa ng'ambo alipoiona kwenye kamba
akanipungia mkono polepole
kama apitaye penye matanga.

Saa tisa na nusu mwili wake bado unaamka.
Hata awe ameinama bustanini anapalilia figili,
goti linanyooka lenyewe, shingo inageuka magharibi
ziliko zile nguzo nne za taa.
Kisha dakika arobaini na tano anapalilia bila neno,
anaingia ndani, anakunywa chai robo saa kamili,
anarudi nje, anaanza upande wa pili wa tuta.
Sijui kama mwenyewe anajua.

Jumamosi ya pili akatengeneza mlango wa kibanda
uliokuwa ukilia tangu mama yake yu hai.
Ya tatu tukaenda kununua zulia.
Mbele ya mazulia tukamkuta Ewald wa jukwaa la kusini,
yuko na mkewe, ana sura ya mtu aliyekamatwa.
Wanaume hawa wawili, waliokumbatiana wakilia mwezi uliopita,
wakapeana mikono kama maofisa wa benki.
"Zulia?"
"Zulia."
"La sebuleni?"
"La sebuleni."
Halafu Ewald, kwa sauti ya chini, kana kwamba anauza magendo:
"Wanasema kuna beki wa kushoto, anatoka Denmaki."
Nikaona damu inamrudia mume wangu usoni.

Jumamosi ya nne akasema anakwenda kutupa chupa.
Chupa mbili. Ni mwendo wa dakika tano;
zilipotimia arobaini nikachukua baiskeli.

Nilimwona langoni pa uwanja, uso ameubana kwenye nondo,
na wenzake sita, kila mmoja eti alikuwa anapita tu:
huyu ana mbwa, yule ana mkate kwapani,
kijana Jannik ana mtoto mchanga kifuani, amelala fofofo.
Ndani, mzee wa nyasi anaendesha mashine yake,
huku na huko, huku na huko,
nao wanamkosoa.
"Mbona anavuta kushoto?"
"Hana kasi."
"Mwaka jana alikuwa bora."
Alipomaliza mstari wa mwisho mtu mmoja akapiga makofi.
Wote wakapiga. Mzee akavua kofia.

Sikujitokeza. Kuna mambo mke huyaona
akageuza baiskeli.

Julai ratiba ikatoka.
Akaibandika kwenye jokofu, juu ya picha za wajukuu,
akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari,
miji midogo ambayo hatukuwahi kuitaja nyumbani humu
sasa anaitamka kwa heshima, kama majina ya wakwe.

Na jana akaondoka saa saba, skafu shingoni, jua kali lile la Agosti,
amesahau ufunguo, hakusahau tiketi.
Nyumba ikawa yangu. Redio yangu, kochi langu lote,
ukimya nilioungoja wiki kumi na moja.

Saa tisa na nusu nikajikuta nimesimama
katikati ya jiko, kijiko mkononi,
shingo imegeuka magharibi.
Upepo ukaleta kelele; sikujua ni bao letu au lao.
Nje, mlango wa kibanda umeanza tena kulia.
Mafuta yapo, rafu ya chini, kando ya vijiko.
Sikuupaka.